Siku nne kazini: tathmini ya mifumo ya wiki fupi, kuanzia Dubai hadi kifungu cha 21

Mjadala wa kupunguza wiki ya kazi ukianza, watu huhesabu siku: tano ziwe nne, sita ziwe tano. Wanaounadi mfumo wanalijua hilo, na matangazo yao huanza na siku. Hapa tumepima kwa saa. Kwanza, saa zilizoandikwa kwenye mkataba. Pili, saa ambazo mtu anakaa kazini, mapumziko yakiwemo. Tatu, saa ambazo dirisha la huduma liko wazi. Mfumo unaopunguza hizo mbili za mwanzo bila kuifunga huduma ndio unaostahili kuitwa wiki fupi. Mingine inahamisha mzigo kutoka bega hili kwenda bega lile.

Tuanze na mfumo ambao Watanzania wengi tayari wanao na hawaujui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka ukomo wa kawaida wa siku 6 na saa 45 kwa wiki, na saa 9 kwa siku. Lakini kifungu cha 21 kinafungua mlango. Kwa makubaliano ya maandishi, mwajiriwa anaweza kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku, muda wa chakula ukiwa humo humo, bila kulipwa ovataimu kwa saa zinazozidi tisa. Masharti ni kwamba siku zisizidi 5 kwa wiki, saa zisizidi 45, na ovataimu isizidi saa 10 kwa wiki. Anayesema wiki ya siku nne Tanzania lazima isubiri Bunge bado hajafika kifungu hicho.

Sasa chukua kalamu, kwa sababu hapa ndipo ratiba nyingi zinapoharibika. Saa 45 ukigawanya kwa siku 4 unapata saa 11 na dakika 15. Kifungu cha 23 kinataka mapumziko ya angalau dakika 60 kwa mtu anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Jumlisha: saa 12 na dakika 15. Umeshavuka ukomo kwa robo saa. Jibu linalowajia wengi haraka ni kukata mapumziko yawe dakika 45, na hilo ni kosa. Dakika 60 ni kiwango cha chini kabisa. Ratiba inayokubalika ni saa 11 za kazi na saa 1 ya chakula, mara siku nne, yaani saa 44. Mwajiri mwenye busara huiachia ile saa moja na kuuacha mshahara ulivyo. Anayeing'ang'ania atalazimika kumwita mtu siku ya tano kwa ajili ya saa moja tu, na nauli ya kwenda na kurudi itakuwa juu ya mfanyakazi.

Kuna mtego wa pili, na huu haujitokezi kwenye karatasi mpaka zamu ianze. Kifungu cha 24 kinataka saa 12 za mapumziko kati ya kumaliza kazi leo na kuianza kesho. Aliyeingia saa 1:00 asubuhi akatoka saa 1:00 jioni ana saa 12 kamili mkononi, haizidi hata dakika. Kwa hiyo ovataimu ya jioni haiwezekani siku ambayo kesho yake ni ya kazi, na hata makabidhiano ya zamu lazima yaishe ndani ya muda. Kama kazi yenu ina dharura za jioni, mfumo huu utawatia hatiani kila wiki. Ukianza saa 2:00 asubuhi ndiyo mbaya zaidi: unatoka saa 2:00 usiku, mpakani kabisa mwa muda ambao sheria inauita usiku, ambapo kila saa hadi saa 12:00 asubuhi inadai nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Anzeni saa 1:00, au mapema kidogo kama usafiri unaruhusu.

Faida yake ni ya kweli kwa anayetoka mbali. Aliyezoea kwenda kazini siku sita hupanda gari mara 12 kwa wiki. Kwa siku nne ni mara 8. Kwa mtu wa Mbagala au Kibaha anayefanya kazi Posta, katikati ya Dar es Salaam, hiyo ni nauli na usingizi. Kiwandani nako kuna faida: mtambo unaochukua muda kupata moto unawashwa mara chache zaidi, na matengenezo yanapata siku kamili. Lakini kwa mama anayenyonyesha, au mzazi anayewahi kumchukua mtoto shule, siku ya saa 12 ni ndefu mno. Wala isiitwe kupunguza kazi. Ni kubana saa zilezile kwenye siku chache.

Ubelgiji walifanya jambo la aina hiyohiyo mwaka 2022, na kwa ufundi wa sheria wametuzidi. Wiki ya kule ni saa 38, hivyo siku nne zinakuwa za saa 9 na nusu, na kazi inaisha mapema jioni. Kingine tulichokipenda ni kwamba mfanyakazi ndiye anayeomba, kwa maandishi. Mwajiri akikataa, anaandika sababu. Makubaliano yanadumu kwa miezi sita, kisha yanafufuliwa au yanakufa. Hapa kwetu kifungu cha 21 kinasema tu kwamba makubaliano yawe ya maandishi. Hakisemi nani aanze kuomba wala mlango wa kutokea uko wapi. Chama cha wafanyakazi kinachojadili mkataba wa pamoja kina kila sababu ya kuingiza miezi sita ya Ubelgiji kwenye rasimu yake.

Umoja wa Falme za Kiarabu ndio mfumo unaojulikana zaidi kwa wasomaji wenye ndugu Dubai na Sharjah, na ndio unaoeleweka vibaya zaidi. Tangu Januari 2022 serikali ya shirikisho iliacha mapumziko ya Ijumaa na Jumamosi ikahamia Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ikawa nusu siku. Ratiba iliyotangazwa ilikuwa saa 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Alhamisi, na Ijumaa saa 1:30 asubuhi hadi 6:00 mchana. Hesabu yake ni saa 36 na nusu. Sharjah ikaenda mbali zaidi kwa kuifanya Ijumaa nzima kuwa mapumziko: siku nne za saa nane, saa 32. Dubai nayo ikajaribu ratiba ya kiangazi katika taasisi zake mwaka 2024, na mwaka 2025 ikaipanua kwa makundi mawili: moja linafanya saa nane kwa siku nne na kupumzika Ijumaa, jingine saa saba kwa siku nne na Ijumaa saa nne na nusu. Kugawa makundi ni ubunifu mzuri, kwa sababu dirisha halifungwi. Kwa mtumishi wa serikali, huu ni mfumo safi.

Ila mtumishi wa serikali siye ndugu yako aliyeko Al Quoz, eneo la viwanda na maghala la Dubai. Sekta binafsi inaongozwa na sheria ya kazi iliyoanza kutumika Februari 2022, na humo ukomo ni saa 48 kwa wiki, saa 8 kwa siku, na siku moja tu ya mapumziko kwa uchache. Ovataimu haizidi saa mbili kwa siku kwa kawaida, inalipwa kwa nyongeza ya asilimia 25, na asilimia 50 ikiangukia kati ya saa 4 usiku na saa 10 alfajiri. Jumla ya saa zote haitakiwi kuvuka 144 ndani ya wiki tatu. Mlinzi au muuza duka aliyeahidiwa na wakala kwamba "Dubai siku hizi ni siku nne na nusu" amedanganywa, na ajue hivyo kabla ya kulipa nauli ya ndege.

Mfanyakazi wa ndani yuko nje hata ya hiyo sheria. Ana sheria yake ya mwaka 2022, inayompa siku moja ya mapumziko kwa wiki na saa 12 za kupumzika kwa siku, nane kati ya hizo zikiwa mfululizo. Isome vizuri: saa 12 za kupumzika maana yake nyingine 12 anaweza kuwa kazini. Ukizidisha kwa siku sita ni saa 72. Wasichana wetu kutoka Tanga, Mombasa, Kampala na Bujumbura wanasafiri chini ya sheria hii, nchi inasifiwa duniani kwa wiki fupi, na wao wako mbali na meza ya mjadala. Mfumo wa taifa unaowaacha nje watu wa jikoni hauwezi kupata alama za juu kwetu, hata ratiba ya ofisini iwe nzuri namna gani. Jirani yao Oman walichukua njia pana zaidi: sheria mpya ya kazi ya mwaka 2023 iliweka ukomo wa saa 40 kwa sekta binafsi.

Rwanda inastahili kutajwa kwa sababu ilikuwa na saa 45 kama Tanzania. Kuanzia Januari 2023 ikashuka hadi 40, na saa rasmi za ofisi zikawa saa 3:00 asubuhi hadi 11:00 jioni. Shule nazo zikasogezwa kuanza saa 2:30. Kupanga ofisi na shule kwa pamoja ni jambo ambalo mijadala mingi hulisahau, nalo ndilo linaloamua kama mzazi atafaidi saa alizopewa au atazimalizia kituoni akingoja basi.

Kuhusu Iceland, ondoeni kwanza uvumi. Majaribio ya 2015 hadi 2019 ya jiji la Reykjavík na serikali yalihusu wafanyakazi wapatao 2,500, na hayakuwa ya siku nne. Yalishusha wiki kutoka saa 40 hadi 35 au 36, mshahara ukabaki. Walichofanya ni kupunguza vikao na kupanga upya zamu, na sehemu za huduma ya saa 24 zilihitaji watu wa ziada. Uingereza mwaka 2022 kampuni 61 zilijaribu wiki fupi kwa miezi sita na 56 zikaendelea baada ya jaribio. Ni matokeo mazuri, lakini kampuni hizo zilijitolea zenyewe, na nyingi zilikuwa za kazi za mezani. Usiyachukue ukayabandika kwenye hospitali ya wilaya.

Hospitali ndiyo iliyoiumbua Ufaransa. Sheria za 1998 na 2000 zilishusha wiki kutoka saa 39 hadi 35, na ofisini zilifanya kazi kwa sababu kampuni ziliruhusiwa kuendelea na saa nyingi kidogo na kulipa tofauti kwa siku za mapumziko. Zilipofika hospitalini mwaka 2002, wauguzi walikuwa wachache. Siku za mapumziko zikaandikwa, hazikuchukuliwa, zikarundikana kwenye akaunti za muda. Kosa lao linafundisha kuliko mafanikio ya wengine: walitangaza saa kabla ya kupata watu.

Tuipige hesabu hiyo kwa mfano wa hapa kwetu. Dirisha la huduma liko wazi siku 6, saa 9 kila siku, na wakati wote wawepo watu wawili. Hiyo ni saa 54 mara 2, yaani saa 108 za kazi kwa wiki. Mna wafanyakazi watatu. Kwa wiki ya saa 45 mna saa 135, na akiba ni 27. Kwa saa 40 mna 120, akiba 12. Kwa saa 36 mna 108 kamili, akiba sifuri. Akiba hiyo ndiyo inayobeba malaria, msiba, mafunzo na makabidhiano. Ikiisha, mtu mmoja akiugua, upande mmoja wa dirisha unafungwa.

Halafu inakuja likizo. Sheria yetu inatoa siku 28 mfululizo, basi wafanyakazi watatu wanakula wiki 12 za mwaka ambazo mnabaki wawili. Kwa saa 45, wawili wana saa 90, pengo ni 18, kila mmoja ovataimu ya saa 9 kwa wiki. Kwa wiki nne ni 36, ndani ya ukomo wa saa 50 ambao sheria inaruhusu kwa kila wiki nne. Kwa saa 40, pengo ni 28, kila mmoja 14, na kwa wiki nne ni 56. Mmevunja sheria. Na hamkuvunja kwa ubaya, mmevunja kwa kupunguza saa bila kugusa ratiba. Tena ovataimu yenyewe imepanda bei. Mshahara wa msingi wa shilingi 600,000 ukigawanywa kwa saa 195 za mwezi (45 mara 4.333) ni kama shilingi 3,077 kwa saa, na ovataimu ya mara moja na nusu ni 4,616. Kwa wiki ya saa 40, kigawanyo kinakuwa saa 173.3, saa moja ni 3,462, na ovataimu 5,193. Mhasibu asiyeambiwa mapema atashtuka mwezi wa kwanza wa likizo.

Dawa yake ni ya bei nafuu kuliko kuajiri. Andikeni kwa wiki nne mfululizo idadi ya wateja kwa kila saa. Daftari la mstari linatosha. Tuseme mkaona msongamano ni wa saa tano tu kwa siku: wekeni watu wawili kwa saa hizo tano na mmoja kwa nne zilizobaki. Mahitaji yanashuka kutoka saa 18 hadi 14 kwa siku, yaani 84 kwa wiki. Sasa wakati wa likizo, wawili wa saa 40 wana saa 80, na pengo ni saa 4 tu, mbili kwa kila mmoja. Wiki ya saa 40 imewezekana kwa watu walewale watatu. Pale ambapo msongamano hauna nafuu siku nzima, kama wodi ya wazazi au geti la ulinzi, hakuna ujanja: ni lazima kuongeza watu, na anayewaambia vinginevyo hajawahi kupanga zamu.

Kwa taifa zima, tunaloliona bora ni la Chile. Nao walikuwa na saa 45. Sheria ya Aprili 2023 haikukata zote kwa mkupuo. Iliweka saa 44 mwaka 2024, 42 mwaka 2026, 40 mwaka 2028, na mshahara hauguswi. Humo humo ikaruhusu siku nne za saa 10 kwa wanaokubaliana. Hatua ya kwanza ilizua ubishi mkubwa juu ya jambo dogo: saa moja inakatwa wapi? Ukiigawa kwa siku tano ni dakika 12 kila siku, na dakika 12 hazimfikishi mtu popote. Zinaishia kwenye kufunga droo na kutafuta funguo. Ikikatwa yote siku moja, mtu anapata saa ya kwenda benki au kliniki. Sheria ya hatua kwa hatua inafaa iandike hilo mapema. Hispania walitaka kushuka kutoka 40 hadi 37 na nusu, na Septemba 2025 muswada wao ukakataliwa bungeni. Chile walipita kwa sababu, kwa maoni yetu, waliwapa waajiri wadogo miaka mitano ya kujipanga.

Wakenya wana jambo lao la kuangalia kabla ya kusaini. Huko saa ni 52 kwa wiki ya siku sita chini ya amri ya jumla ya mishahara, na likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi. Hizo "siku za kazi" ndizo zenye utata. Kwa wiki ya siku sita, siku 21 ni wiki tatu na nusu. Kwa siku tano, ni wiki nne na siku moja. Kwa siku nne, zinavuka wiki tano. Mwajiri akihamia siku nne atataka kupunguza idadi hiyo, na sheria inasema isipungue 21. Bora lijadiliwe mwanzoni, na liandikwe, kuliko kuzushwa Desemba wakati kila mtu ameshakata tiketi ya kwenda kwao. Tanzania haina tatizo hili, kwa kuwa siku 28 zinahesabiwa mfululizo, na sikukuu zikiwemo.

Na kwa yeyote anayewekewa karatasi ya siku nne mbele yake wiki hii: tafuta mahali palipoandikwa saa za wiki kwa tarakimu, tafuta saa ya kuingia na ya kutoka, tafuta tarehe ya kufanya tathmini na namna ya kurudi kwenye ratiba ya zamani bila kupoteza ajira. Kimojawapo kikikosekana, omba kiandikwe kwanza, kisha ndipo uchukue kalamu.